Kila upande naambiwa "huko kwenu". Kwetu ni wapi?

"Assalaam alaykum bi. Samahani barua yangu ndefu. Nna miaka 23, nnakaa Muscat kwa baba, mama yangu yuko Unguja. Baba mwenyewe kazaliwa Unguja, wazee wake wakamleta huku mdogo miaka ya 70, alafu ukubwani akarudi kuoa kwetu akawa anakwenda na kurudi. Wameachana mie nna miaka 10. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya, akabaki kwa mama, mie nikaletwa huku nilipofika 11 ili nisome. Yaani kila mzee alichukua wake kama watu wanaogawana vyombo.

Huku nna ndugu watatu kwa mama wa kambo, wanasema Kiarabu tu. Baba hataki Kiswahili ndani ya nyumba, ingawa simu zake na marafiki zake wa zamani zote Kiswahili. Skuli waliniita Zinjibari. Nikienda Unguja likizo wananiita Mmanga, yaani Muarabu wa Oman, na lafdhi yangu wanaicheka. Mama akikasirika hunambia 'huko kwenu Waarabu ndo mnavofanya'. Baba akikasirika hunambia 'hayo mambo ya huko kwenu Unguja'. Bi, kila upande naambiwa kwenu, hamna anaesema kwetu.

Mama akitaka kitu kwa baba ananambia mie, baba akitaka kujua mama kaolewa au vipi ananiuliza mie. Silali vizuri, nakuwa na hasira, nahisi mie mnafiki maana nna sura mbili. Shangazi kasema nna jicho, nimesomewa, nikatulia wiki mbili basi. Sasa baba anataka kumleta na mdogo wangu, ana miaka 13, na mama kasema nikimsaidia baba hatonisamehe. Mwenyewe kaniuliza kwenye WhatsApp 'dada nije nisije?' Sijamjibu. Nifanye nini? Na jambo moja la kipuuzi, pesa nahesabu kwa Kiarabu lakini nikilia nalia kwa Kiswahili. Ndo kuchanganyikiwa huko?"

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho na kalamu mkononi, nikawa naipigia mstari kila penye neno "kwenu". Ntaanzia hapo hapo, kwa sababu naona maradhi yenyewe yamejificha ndani ya neno hilo na wewe ushaligusa bila kujua.

Unaniandikia kama mtu aliekwama baina ya tamaduni mbili, Uarabu huku Uswahili huku. Mie nikisoma naona kitu chengine. Naona mtoto aliebebeshwa ugomvi wa watu wawili walioachana, na ugomvi wenyewe umevishwa kanzu ya utamaduni usijulikane. Mama anaposema "Waarabu ndo mnavofanya" hawazungumzii Waarabu, anamzungumzia mwanamme mmoja. Na baba anaposema "mambo ya huko kwenu Unguja", yeye ambae kitovu chake kimezikwa huko huko Unguja, we unadhani anakusudia kisiwa kizima? Anamkusudia mama yako. Talaka ishapita miaka 13, kutajana kwa majina wanaona haya, basi wanatajana kwa makabila, na wewe ulokaa katikati unasikia kama umetukanwa nusu ya damu yako.

Usiniamini hivi hivi. Wiki mbili hizi kila ukilisikia hilo "kwenu" andika kwenye simu yako nini kilitangulia kusemwa. Ntashangaa kama hutokuta ni pesa zilizochelewa, simu iliyokatwa mapema, likizo uliyoifupisha, au jina la mmoja wao limetajwa mbele ya mwenzake. Utamaduni haugombani na mtu saa kumi jioni bila sababu. Mbona mkikaa kula halwa hamna anaeuliza hii ya wapi?

Na hapo kwenye halwa nikae kidogo, maana watu wanazungumza Oman na Unguja kama mbingu na ardhi wakati hizi ni nyumba mbili za ukoo mmoja, na ukoo wenyewe uligombana zamani. Seyyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Unguja kufikia 1840, akafa 1856, watoto wake wakashindwa kuelewana, Thuwaini akashika Muscat na Majid akashika Unguja. Akatafutwa mtu wa tatu awaamue, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Uhindi, na mwaka 1861 akakata shauri kwamba watengane lakini Unguja iwe inapeleka Muscat reali 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Matunzo kabisa! Kila nikiisoma hukumu ile nacheka peke yangu, kama ninayoyaona kwenye baraza za usuluhishi, pesa zilipangiwa hesabu na nyoyo hazikupangiwa kitu. Lakini vitu vya nyumbani havikugawika. Kofia anayovaa baba yako akenda kazini na ya mjomba wako anayokwenda nayo Ijumaa ni ndugu. Kahawa, udi, mapishi ya nazi yaliyovuka bahari yakakaa Muscat mpaka leo. Kiswahili chenyewe kimejaa maneno yenye asili ya Kiarabu, hata hiyo "samahani" uliyoanzia barua.

Sasa nisije nikakudanganya kwamba yote ni wazee wako. Mengine ni makubwa kuliko wao. "Zinjibari" uliyoitwa skuli ina historia, sehemu yake ni dharau ya rangi na asili, na hiyo iite kwa jina lake, usiitafutie udhuru. "Mmanga" nalo si utani mtupu, ndani yake muna mapinduzi ya 1964, muna watu waliouliwa, waliokimbia, na muna kumbukumbu za utumwa na za nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtwana. Watoto wanaokucheka mtaani hawayajui hata robo, wameokota neno tu. Ila neno la kuokota nalo linachoma. Ukijua kwamba lilikuwepo kabla hujazaliwa, unapata pa kuliweka nje ya nafsi yako.

Baba yako sasa. Huyu nimemfikiria sana. Sultan Qaboos alishika nchi Julai 1970, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga, na wengi walikuja kutoka Unguja na pwani yote ya Afrika Mashariki. Walikuja na elimu zao na Kiingereza chao, lakini wengi Kiarabu hawakukijua vizuri au hawakukijua kabisa. Hebu mchukue mtoto mdogo wa wakati ule, ana Kiswahili tu mdomoni, akatiwa darasani na wenzake wa miji ya Nizwa na Ibra. Unadhani yeye hakuitwa Zinjibari? Aliitwa kabla yako. Mimi simjui, siwezi kuapa, lakini mtu anaekataza Kiswahili ndani ya nyumba na akitoka uani anazungumza Kiswahili na marafiki zake anacheka mpaka machozi, huyo haichukii lugha. Anaogopa kwa ajili yenu. Anadhani akikufungieni lugha ile atakufungieni na aibu aliyoipata yeye. Kosa ni kosa, sisemi si kosa, kwani kwako wewe imekuwa kama kaifunga sauti ya mama yako. Nakwambia tu lilikotoka, usije ukadhani linatoka kwenye kukuchukia wewe.

Na mama? Mama alipoteza mtoto ambae hakufa. Kuna mtaalamu wa ushauri wa familia wa Marekani, Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 anaandika juu ya msiba wa namna hii, msiba usio na maiti. Mtu yupo na hayupo. Mtoto akifa watu wanakuja, matanga yanakaliwa, inasomwa khitma, majirani wanaleta chakula, moyo unapata njia. Mtoto akipelekwa Muscat kusoma watu wanakwambia hongera! Mama yako kapewa hongera miaka 12, na kila likizo unashuka uwanja wa ndege umerefuka, lafdhi imegeuka, abaya imebadilika. "Huko kwenu" yake nahisi ni kilio kilichokosa tanga. Na wewe vilevile unao msiba wako, wa mama na wa mdogo wako uliemuacha ananyonya ukamkuta anaota ndevu. Usiku unapokosa usingizi huenda ni huo unaogonga mlango.

Sasa kwa nini hasira na uchovu. Mtoto akiwa baina ya wazazi waliokatiana maneno, anajifunza kazi ya utarishi mapema sana. Anabeba ujumbe, anaupunguza makali njiani, anaficha hiki, anapamba kile, kila akifungua mdomo anapiga hesabu nani ataumia. Kichwa kinakuwa zamu masaa 24 kama askari wa getini. Na likimfurahisha mama linamuumiza baba, kwa hiyo hata furaha yako unaionea hatia, ukicheka Muscat unahisi umemsaliti wa Unguja. Hiyo ni kazi, mwanangu, tena kazi nzito isiyo na mshahara wala likizo, na umeifanya tangu una miaka 10. Ungekuwa huchoki ndo ningeshangaa.

Kazi hiyo naomba uiache, lakini kwa adabu, kwa sababu najua utaniambia "bi, radhi za wazazi". Naam, radhi ni nzito na sikwambii uzichezee. Lakini radhi ya mama haipatikani kwa kumbebea maneno mabaya kwa baba. Anza na dogo. Mama akisema "mwambie baba yako kadha wa kadha", jibu kwa upole, "mama, langu niambie, la baba naomba apelekewe na mtu mzima". Baba akiuliza mama kaolewa au vipi, "baba, hilo mie naona haya kulisema, muulize mjomba". Mara ya kwanza watahamaki, pengine utaambiwa umekuwa na kiburi, na mama anaweza kukununia wiki nzima. Usigombe, usijieleze sana, sema vilevile mara ya pili na ya tatu. Muhimu uwatafutie huyo mtu mzima kabla hujaanza, mjomba, bibi, sheikh wanaemheshimu wote wawili, kwa sababu ukiacha utarishi bila ya kuweka tarishi mwengine mzigo utamuangukia mdogo wako. Kwetu sisi ndoa hufungwa kwa watu wa kati, sijui nani alitwambia talaka watoto ndo wawe watu wa kati.

Hilo la unafiki nilipite haraka maana halina uzito uliolipa. Mnafiki anageuza uso ili adanganye. Wewe unageuza salamu, nguo na sauti ili watu wakufahamu, kama mama yako anavozungumza tafauti kwa bibi na tafauti sokoni Darajani. Kilichokosekana kwako si ukweli, ni mahala ambapo sura zote mbili zinaonekana kwa pamoja, mtu ambae ukimwambia kitu huna haja ya kuanza na maelezo. Na Muscat hukosi watu kama hao, imejaa mabinti wa mama wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa. Mtafute mmoja tu. Nimeona mabinti wakipona nusu kwa kupata shoga mmoja wa kuchanganya nae lugha bila kuomba radhi.

Watu wengi wanadhani dawa ni kuchagua upande, ukichagua utatulia. John Berry, mtafiti wa Canada, na wenzake waliwaangalia vijana wa familia zilizohama zaidi ya 5,000 katika nchi 13, kazi iliyotoka 2006, na waliokuwa wakishika vyote viwili, cha nyumbani na cha wanakoishi, kwa jumla ndio walioonekana kuwa na hali nzuri zaidi, kuliko waliokimbilia upande mmoja na zaidi kuliko waliokosa pote. Ila inataka na waliokuzunguka wakukubali, usijilaumu peke yako kama mlango unafungwa kwa nje.

Na hilo unaloliita la kipuuzi silo. Pesa umejifunza kuzihesabu Muscat, kwenye duka na kazini, ndo maana zinatoka kwa Kiarabu. Kulia umejifunza kwa mama. Wanaochunguza watu wenye lugha mbili wameona maneno ya lugha ya utotoni, karipio na matusi hasa, yanaushtua mwili zaidi, hata jasho la viganja linapimika. Hujachanganyikiwa. Na tena ulihama na miaka 11, karibu na kubaleghe, umri ambao lugha ya kwanza ishashika mizizi, inaweza kushika kutu ikachekwa na watoto wa mtaani lakini haiondoki kwa urahisi kama kwa mtoto wa miaka mitatu. Mtumie bibi voisi kila siku dakika mbili, kutu itatoka.

La jicho na kusomewa sina ugomvi nalo. Qur'ani inatuliza na kutulia kwako wiki mbili ni kweli, sikupi shaka. Lakini ulitulia, alafu simu ikalia ukaambiwa "mwambie baba yako", si ndo? Basi kisomo kiendelee na utarishi ukome, kimoja hakimkatazi mwenzake.

Haya, mdogo wako. Hapa ndo ninataka uende pole pole kwa sababu naona unataka kumjibu kwa kidonda chako. Pengine unataka kumwambia "usije" ili asipate uliyoyapata, au "njoo" ili usiwe peke yako, na zote mbili zitakuwa zinakuhusu wewe kuliko yeye.

Kwanza jua kwamba hukumu si yako. Kwa Mashafi, ndo wengi wa Unguja, mtoto akifika umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, huulizwa anataka kukaa kwa nani. Sheria ya familia ya Oman ya 1997 nayo inamuweka mtoto wa kiume kwa mama mpaka miaka 7 na wa kike mpaka abaleghe, isipokuwa kadhi akiona maslahi ya mtoto yako kwengine. Na Zanzibar ipo Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, inayotanguliza maslahi ya mtoto. Kijana wa miaka 13 wa kuulizwa ni yeye, na wazee wakishindwana ipo Mahakama ya Kadhi. Lakini, na hili nalisisitiza hata kwa makadhi ninaokutana nao, kumuuliza mtoto "unataka kukaa wapi, usome wapi" ni kitu kimoja, na kumuuliza "unampenda nani zaidi" ni kitu chengine, na watu wazima tuna tabia ya kuuliza la kwanza kwa sauti ya la pili.

Kuja kwake kuna faida, tusijifanye haiko. Baba yake atamjua, atasoma, atajua Kiarabu, na nyie mtaonana. Kuna na gharama. Kiarabu cha kijana wa Unguja aliyehitimu chuo cha Qur'ani ni cha kusoma msahafu, si cha kuulizwa hesabu darasani wala cha kujibizana na wenzake uwanjani. Skuli za serikali Oman masomo ni kwa Kiarabu, kwa hiyo atakaa miezi kimya. Kimya hicho kinajulikana, mtoto akiingia lugha ngeni anasikiliza muda kabla hajasema, na si ujinga, japo walimu wengine wanaandika "mzito" kwenye ripoti. Wewe ulikuwa hivo, au nimekosea? Kwa miaka 13 hilo linauma kuliko kwa 7, kwa sababu umri huo kijana anaona bora afe kuliko kuchekwa.

Mie kama ningeulizwa na wazee wenu ningewaambia asihame kwa mkupuo. Aje likizo nzima kwanza, si siku kumi za kununuliwa viatu, arudi, atafutiwe mwalimu wa Kiarabu cha kuzungumza huko huko Unguja, alafu aulizwe tena. Mama aahidiwe siku za simu zisizovunjwa. Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, Unguja Jumamosi na Jumapili, basi Jumamosi ndo siku yenu nyote na saa zimepishana moja tu, hamna udhuru. Na baba aruhusu Kiswahili baina yenu nyie wawili ndani ya nyumba. Hilo ningelifanya sharti, asipolikubali ningesema mtoto asije bado.

Kuna na la karatasi ambalo familia nyingi zinalichelewesha mpaka linalipuka. Uraia wa Oman unafata baba. Tanzania inamvumilia mtoto mwenye uraia wa pili mpaka miaka 18, baada ya hapo sheria ya uraia ya 1995 inataka abaki na mmoja. Kwa hiyo ana miaka mitano ya kufikiri, na watu wa uhamiaji waulizwe mapema, si wiki ya birthday. Na wewe kama ulishachukua ya Oman, usiruhusu mtu akwambie umemkana mama yako. Pasipoti ni ya kuvukia mpaka, mama hakanwi kwa muhuri.

Mwisho nikwambie wapi barua haitoshi. Kama kukosa usingizi na hasira kumeshapita wiki mbili mfululizo, chakula hakipiti, kazi inakushinda, au kuna siku unaona bora usingekuwepo, hapo usingojee jibu langu jengine, nenda ukaonwe. Na hilo la mwisho likija usiku, usilale peke yako chumbani, mwamshe mtu ukaenda dharura usiku huo huo. Muscat iko Al Masarra, hospitali ya maradhi ya akili, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wana kitengo cha mambo hayo. Ukiwa Unguja iko hospitali ya Kidongo Chekundu, na najua ukilitaja jina hilo watu wanashika vichwa wanasema kawa mwendawazimu. Waache washike, wanaokwenda pale kwa usingizi na huzuni ni wengi kuliko unavodhani. Mdogo wako nae akizidiwa na huna njia ya kumfikia, huko Tanzania namba 116 ni ya watoto, inapigwa bure. Na popote utakapokwenda omba mtu anaesema Kiswahili, hata kama Kiarabu chako kimekaa sawa, kwa sababu yaliyokuumiza yalisemwa kwa Kiswahili, ukiyasimulia kwa Kiarabu yatatoka yamepigwa pasi.

Mdogo wako usimuache na tiki mbili za buluu. Leo leo mtumie voisi, kwa Kiswahili hicho hicho kinachochekwa, umwambie: "Sijakujibu kwa sababu na mie sijui bado. Ukija, ukibaki, mie dada yako. Si kazi yako kuchagua baina ya mama na baba, hilo waachie wakubwa. We niambie kwanza unaogopa nini." Alafu usiongeze kitu, msikilize, hata kama atakujibu kwa kukuuliza huko kuna uwanja mzuri wa mpira.